Mikono ya Somoe Ilipofunguka

Watu wengi hudhani mkunga mzee hashtuki tena. Wanamwona anatembea taratibu wodini, anaongea kwa sauti ya chini, wanasema huyu ameshaona yote. Wanangu, ninyi mnaoanza kazi sasa na sare zenu ambazo bado zina mikunjo ya dukani, si kweli. Mimi nimestaafu juzijuzi tu, na mpaka siku ninakabidhi funguo za kabati la dawa nilikuwa bado nashtuka. Na kilichonishtua kuliko vyote hakikuwa damu, wala mtoto aliyetanguliza miguu. Ilikuwa mikono ya msusi mmoja wa Newala aitwaye Somoe.

Naitwa Paskalina. Nimezaliwa Lukuledi, kwetu ni Wamakua, na kazi ya uuguzi na ukunga niliianzia Masasi mjini. Nilipohamishiwa Newala nililia, maana niliambiwa kule juu mlimani kuna baridi, maji ni ya shida, na Chimakonde changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Katika siku zangu za kwanza bibi mmoja alinieleza jambo kwa Chimakonde kirefu, huku ameshika kiuno, nikamwandalia kitanda alale. Kumbe alikuwa ananiuliza kama nimemwona mbuzi wake, na kiuno alikishika kwa sababu ya uchovu wa kumtafuta. Mnacheka, lakini jifunzeni lugha ya watu mnaowahudumia. Mgonjwa akizidiwa hurudi kwenye lugha ya mama yake, na ninyi mkibaki na Kiswahili chenu cha darasani mtamlaza mwenye mbuzi.

Sasa Somoe. Alikuwa na kibanda cha kusuka karibu na stendi, na kwa kusuka hakuwa na mpinzani. Maharusi walitoka hata Tandahimba kumfuata. Lakini alipokuja kliniki kwangu kibanda kilikuwa kimefungwa tangu msimu wa korosho uliopita, yaani wakati uleule pesa zinapoingia na wanawake wa mji mzima wanataka vichwa vipendeze. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, na ukivigusa vina joto. Asubuhi hakuweza kukunja ngumi wala kufunga kanga. Mumewe Issa, fundi pikipiki, mtu wa Chiwata kule Masasi, ndiye aliyemfunga kanga na kumchana nywele kwa mikono yake yenye grisi.

Ugonjwa huo watu huuita baridi yabisi, na wengi hudhani unaletwa na baridi. Jina tu hilo. Ni kinga ya mwili, ile inayotulinda na vijidudu, inayokosea njia na kuanza kushambulia viungo vya mwenyewe. Somoe alikuwa akiishi kwa vidonge vya maumivu vya duka la dawa, na siku hiyo hakuja kwa ajili ya vidole. Alikuja kwa sababu hakuwa ameona siku zake, na kipimo kikaonyesha ana mimba.

Nilimpa hongera kwa mdomo, moyoni nikawa na hofu. Nilijua lazima aache vile vidonge alivyokuwa anameza kiholela, kwa sababu vingine si salama kwa mtoto, na nilijua nikimwachisha atateseka. Nikawaza pia atamshikaje mtoto mtu asiyeweza kushika kikombe. Nilimwambia aviache, nikampa ushauri wa maumivu niliokuwa nao, nikampa vidonge vya kuongeza damu na chandarua, nikamwambia arudi. Alipotoka alisukuma mlango kwa kiwiko.

Akarudi mwezi uliofuata, hali ileile, labda afadhali kidogo. Halafu akaja wakati tumbo limeshaonekana. Benchi la wajawazito lilikuwa limejaa, mimi nimeinama napima uzito. Nikasikia, "Shikamoo, Sista," nikaitika marahaba bila kuinua kichwa. Yule mtu akanivua kofia yangu ya kazi, akaiweka mezani, akaanza kuzifumua nywele zangu na kuzisuka upya palepale. Sikumwona uso, lakini nilihisi vidole vinapita kichwani, vyepesi, vinagawa nywele kwa mstari ulionyooka, vinakaza bila kuumiza. Wanawake wote kwenye benchi walikuwa wananyoosha shingo kutazama. Nilipogeuka nikamkuta Somoe analia huku anaendelea kusuka.

Niliishika mikono yake nikaigeuzageuza kama mtu anayekagua samaki sokoni. Uvimbe umekwisha na joto halipo. Nikamwambia akunje ngumi, akakunja. Nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa.

Nilimhoji sana siku ile. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba amepewa mahali fulani zile dawa kali zinazoficha ugonjwa wiki chache halafu zinamwangusha mtu. Akaapa hajameza kitu zaidi ya nilivyompa mimi, yaani vidonge vya damu na vile vya kumkinga na malaria. Sikumwamini, nikamuuliza Issa kando, naye akasema vilevile. Mikono ilianza kulegea yenyewe, kidogo kidogo, kadiri tumbo lilivyokua.

Mji ukapata la kusema. Kibanda kikafunguliwa na foleni ikarudi. Wapo waliosema ameombewa. Mganga mmoja wa njia ya Kitangari alianza kuwatangazia watu kwamba ndiye aliyemponya, wakati Somoe hakuwa amekanyaga hata uwanja wake, na nasikia wateja wake waliongezeka kweli. Mimi nilikaa na mshangao wangu mpaka alipokuja Daktari Tumaini.

Huyu alikuwa daktari mwanamke, mwenyeji wa Mbeya, aliyekuja kutoka Mtwara kututembelea na kukagua huduma za wazazi. Nilimsimulia habari ya Somoe nikitarajia atacheka. Hakucheka. Alisema mambo kama hayo yanajulikana, kwamba wanawake wengi wenye ugonjwa huo hupata nafuu wakishika mimba, wengine nafuu kubwa. Kisha akaniuliza tulifundishwa nini chuoni kuhusu kinga ya mjamzito. Nikamjibu kama tulivyokaririshwa, kwamba kinga yake inashuka.

Akaniambia haishuki tu. Inabadilika, tena inabadilika kwa wakati wake. Miezi ya mwanzo kinga inakuwa na kazi nyingi ndani ya tumbo la uzazi, maana mimba inajishikiza ukutani na pale panakuwa kama kidonda kinachopona. Kuna chembe za kinga ambazo kwingine mwilini kazi yake ni kuua, lakini pale zinasaidia kupanua mishipa ya damu ili mtoto apate chakula. Halafu inakuja miezi ya katikati, kinga inatulia na kumwacha mtoto akue. Karibu na kujifungua inaamka tena, na kuamka huko ni sehemu ya kinacholeta uchungu. Yote hayo katika mimba yenye afya kabisa. Kwa Somoe, utulivu ule wa kumhifadhi mtoto ulikuwa umevifikia mpaka vidole.

Akaongeza swali ambalo sijalisahau. Aliniuliza, mtu akipandikizwa figo ya mwingine bila dawa inakuwaje. Nikasema mwili unaikataa. Akasema, basi mtoto nusu yake ni ya baba yake, ni mgeni kama ile figo. Kwa nini mwili wa mama haumkatai?

Wanangu, nilikuwa nimepokea watoto na makondo ya nyuma yao maisha yangu yote ya kazi. Nimeyakagua kama yametoka yote, nimeyabeba kwenye beseni, nimeyakabidhi kwa mabibi yakazikwe. Na sijawahi hata siku moja kujiuliza swali lile. Niliinuka nikaenda dirishani. Nilijisikia kama mtu aliyekaa mtaa mmoja na jirani tangu utoto, leo anaambiwa jirani huyo ni ndugu yake wa damu.

Hapa niwape la kazi kabla sijaendelea. Mama akikuuliza, usimwambie "kinga yako imeshuka" ukanyamaza, maana ataondoka anadhani mwili wake umeharibika. Mwambie inafanya kazi kwa namna nyingine, na kwamba kuna magonjwa machache ambayo kwa sababu hiyo humwingia kwa ukali zaidi. Mafua makali ni mojawapo. Malaria ndiyo kubwa kwetu huku. Nilipokuwa Masasi nilimzalisha binti mwenye mimba ya kwanza, mtoto wa shamba aliyekulia kwenye mbu mpaka malaria ikawa haimlazi. Hakuwa na homa, na damu ya kidoleni ilipopimwa haikuonyesha kitu. Mtoto akazaliwa mdogo kama kifaranga. Kondo lilipopimwa likakutwa limejaa vimelea. Kondo ni kiungo kipya, na kinga yote aliyojijengea yule binti tangu utotoni haikuwa imewahi kukutana na vimelea wanaojificha humo. Ndiyo maana tunawapa vile vidonge hata wakiwa wazima, na ndiyo maana tunawasumbua na vyandarua. Wakikuuliza kwa nini wameze dawa na hawaumwi, msiwakaripie, waelezeni.

Daktari Tumaini kabla ya kupanda gari aliniambia neno moja la mwisho. Akasema, mwandae huyo msusi, kwa sababu akishajifungua kinga itarudi ilivyokuwa, na ugonjwa wa mikono huenda ukarudi nayo.

Nilimwita Somoe chumba cha ndani nikamweleza. Alisikiliza huku ameiweka mikono juu ya tumbo. Hakulia. Aliniuliza kama nimeshamwambia mtu, nikasema hapana. Akaniomba nisimwambie yeyote, hata Issa, na mimi nikaahidi. Mgonjwa akikuomba hivyo unaahidi, na ukishaahidi inakuwa hivyo.

Alijifungua mtoto wa kike, salama, na wakamwita Rukia. Nilimwona Somoe anamshika mwanawe kwa mikono miwili iliyofunguka vizuri, anamvalisha soksi zile ndogo ambazo hata mimi hunisumbua. Mama yake Somoe alikuwa amefariki, kwa hiyo mama yake Issa, Bi Mwanahawa, alipanda kutoka Chiwata kuja kumlea mzazi. Alikuja na makopa ya muhogo, mbaazi na chupa ya mafuta ya nyonyo. Mwanamke mpole, mwembamba, mcheshi ukimzoea.

Mikono ilianza kufunga mtoto akiwa bado mchanga. Kwanza asubuhi tu. Halafu mchana kutwa. Na safari hii ilikuja kwa ukali kuliko zamani, mpaka viganja na magoti. Bi Mwanahawa alipoona hivyo akawa anamkanda vidole kila asubuhi kwa yale mafuta yake. Jirani akaona, akamwambia mwingine, na habari ilipofika kwa mjomba wake Somoe ilikuwa imeshageuka: mama mkwe anampaka kitu, na tangu ampake mikono imekufa.

Mnajua uzito wa mjomba kwa Wamakonde. Mzee Bakari ndiye aliyekuwa mkubwa wa Somoe, neno lake ndilo la mwisho, na mume ni mgeni tu kwenye ukoo. Siku ninakwenda kumpima mtoto nyumbani kwao nilikuta mkutano uani. Mzee Bakari amekaa kwenye kiti, wanaukoo kwenye mikeka, Issa amesimama kando ya simtangi la maji ya mvua. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa juu ya mfuko wake wa nguo uliokwisha kufungwa. Somoe alikuwa mlangoni na mtoto amelala mapajani, kwa sababu mikono haikuweza kumshika.

Nilipiga magoti kidogo nikamwamkia mzee. Aliitika kwa heshima, akanipa kiti, na bila kuzunguka akaniambia wamekaa kumrudisha mama huyu kwao, na kama Issa anaona uchungu, njia ya Chiwata ni hiyohiyo, amfuate mama yake na mtoto abaki.

"Aliingia humu mikono ya mtoto wetu ikiwa mizima," akasema. "Wewe Sista ni shahidi. Sasa hawezi kumshika mwanawe. Sisi tufikiri nini?"

Mtu aliyeitwa mchawi mbele ya ukoo hatoki hapo na jina lake, na huko aendako jina humtangulia. Nikaanza kueleza yote, taratibu, kwa Kiswahili na Chimakonde changu kilichoboreka: kinga, mimba, utulivu, kujifungua, kurudi. Mzee Bakari alisikiliza kwa makini. Hakuwa mtu mjinga hata kidogo. Nilipomaliza akauliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza.

"Kama mlijua hali itarudi, mbona hamkusema kabla? Neno linalokuja baada ya jambo, mtu yeyote anaweza kulitengeneza."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini halikuwa langu kulitoa; nilikuwa nimeahidi. Nilitazama chini. Watu wakaanza kunong'ona, na mmoja akasema unaona, hata Sista hajui. Bi Mwanahawa aliinuka akaushika mfuko wake.

Somoe akasema kutoka mlangoni, "Nilijua, mjomba."

Kila mtu akageuka.

"Sista aliniambia Rukia akiwa bado tumboni. Mimi ndiye niliyemkataza asiseme. Nilidhani nikinyamaza haitakuja." Akashusha pumzi. "Mama huyu hajanifanya kitu. Ndiye anayenivalisha, ndiye anayenilisha. Mkimfukuza yeye, nani atamshika mtoto wangu?"

Issa alikuwa anamwangalia mkewe kama hamjui, maana naye alikuwa hajaambiwa. Bi Mwanahawa aliweka mfuko chini, akaenda mlangoni, akamchukua mtoto aliyekuwa ameanza kulia, akaingia naye ndani kumbadilisha. Mzee Bakari aliomba maji, akanywa, na mama yule alipotoka akainuka kwenye kiti chake na kumwomba radhi mbele ya ukoo wote. Nimeishi kule juu muda mrefu, na sijaona mara nyingi mjomba anainuka.

Nilipokuwa nafungasha mizani yangu mzee akanisogelea, akauliza kwa upole, "Kwa hiyo wakati wote ule mtoto ndiye aliyekuwa dawa?"

Nikamwambia si mtoto, ni mwili wenyewe ulivyobadilika wakati wa kumbeba. Aliridhika. Lakini nilimwona Somoe pale mlangoni ameinua kichwa.

Alikuja kliniki baada ya siku chache, Bi Mwanahawa nyuma yake amembeba Rukia mgongoni. Nilidhani amekuja kwa chanjo. Akamwomba mama mkwe asubiri nje, akasukuma mlango ukafunga, akakaa.

"Sista, nataka mimba nyingine."

Nilidhani sijasikia. Rukia alikuwa bado hajakaza shingo vizuri. Nikamuuliza anataka lini, akasema sasa. Nikamuuliza, na huyo akizaliwa mikono ikafunga tena utafanyaje? Akasema, nyingine. Nikauliza, na baada ya hiyo?

"Sista," akasema, "wewe umefungua mlango huu kwa mkono. Mimi nimeusukuma kwa kiwiko. Usiniulize mpaka wapi."

Maelezo yangu yaleyale yaliyomwokoa mama mkwe yalikuwa yamemfungulia njia hii. Alikuwa ameyaelewa sawasawa, pengine kuliko wanafunzi wangu wengi, na akayatumia kama mtu anayezama anavyotumia chochote kinachoelea. Nilimweleza hatari: damu kupungua, tumbo la uzazi kuchoka, Rukia kunyimwa ziwa mapema. Alisikiliza kwa adabu zote, na nikaona kabisa kwamba hakuna hata neno moja lililoingia. Mtu ambaye hawezi kumfunga mwanawe nepi humtishi kwa hatari ya mwakani.

Wanangu, mahali kama hapo msipoteze muda kubishana. Niliacha kuhubiri. Nikamwambia anipe mwezi mmoja tu kabla hajajaribu, twende wote Mtwara kwa Daktari Tumaini. Akafikiri, akakubali mwezi mmoja.

Tulipanda basi la kupitia Tandahimba, Bi Mwanahawa katikati yetu na mtoto. Daktari alimpima, akachukua damu, akamwanzishia dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia. Akamwambia ukweli kwamba hizo zitapunguza tu. Ipo nyingine yenye nguvu zaidi, ya kumeza mara moja kwa wiki, lakini hiyo hatapewa mpaka Rukia aache ziwa, na akiianza ni lazima atumie uzazi wa mpango usio na mashaka, maana ikikutana na mimba humharibu mtoto tumboni.

Somoe alicheka kicheko kibaya. Akasema, "Kumbe ni mikono au watoto."

Daktari akamwambia si hivyo. Ni mikono kwanza, halafu siku ukitaka mtoto unakuja kuniambia kabla, si baada, tunabadilisha dawa, tunasubiri itoke mwilini, ndipo unabeba. Wakati wa kurudi, tulipokaribia Newala, Somoe akamwambia mama mkwe, wala si mimi, kwamba atajaribu.

Na dawa hiyo ya wiki, nawaomba mwe macho nayo. Nimemwona mzee mmoja aliyeimeza kila siku kwa sababu alizoea kwamba vidonge humezwa kila siku, akaja mdomo umechubuka wote, hawezi kula hata uji. Mgonjwa akuambie mwenyewe ni siku gani ya wiki. Somoe alichagua Ijumaa, na Bi Mwanahawa ndiye aliyekuwa akimkumbusha.

Nguvu ya mikono ilirudi polepole, na haikurudi yote. Kidole kidogo cha kushoto kilibaki kimepinda mpaka leo. Lakini kibanda kilifunguliwa, akawa anasuka, anapumzika, anasuka tena. Bi Mwanahawa alikuwa anakaa pembeni na Rukia, anawaambia wateja mtindo upi hauwafai, na Somoe alilalamika kwangu kwamba mama huyu atamfukuzia watu.

Rukia alipoanza chekechea, Somoe akaja kuniambia anataka mtoto mwingine. Alikuja kabla, kama alivyoelekezwa. Dawa ikabadilishwa, tukasubiri, akashika mimba. Na hapo mji mzima ukakaa kuitazama mikono yake. Sitawaficha, hata mimi niliitazama. Kila alipokuja kliniki kitu cha kwanza nilichokiangalia kilikuwa vidole, tumbo baadaye. Niliamini kabisa kwamba safari hii, dawa na mimba pamoja, hata kile kidole kitanyooka.

Miezi ya mwanzo ikapita, ikaja ile ya katikati. Hakuna kitu. Asubuhi vidole viligoma, na siku nyingine alifunga kibanda mapema. Nilipigwa na mshangao upya, kana kwamba mtu amenidanganya. Nilimpigia simu Daktari Tumaini karibu kwa hasira. Akanijibu kwa utulivu kwamba wengi hupata nafuu lakini si wote, na mwili huohuo si lazima ufanye vilevile kila mimba; mtoto huyu ni mwingine, nusu nyingine ya baba yake imeingia, na jinsi mama na mtoto wanavyopokeana bado madaktari wenyewe wanaisoma. Nilikata simu nikiwa sijui nitamtazamaje Somoe usoni.

Alijifungua mvulana, katika wiki zangu za mwisho kazini. Nilimpokea kwa mikono yangu, nikakagua kondo, na safari hii nililishika muda mrefu kuliko kawaida, nikilitazama. Halafu nikaenda kukaa kando ya kitanda chake. Alikuwa ananyonyesha, mtoto ameegemezwa kwenye mto kwa sababu mikono ilikuwa haiwezi kumshika vizuri. Nikamwambia, "Pole, mwanangu. Nilitegemea mikono ingefunguka kama mara ile."

Akamtazama mtoto kwanza.

"Pole ya nini, Sista?" akasema. "Ile mimba niliyokuja kukuomba wakati ule, nilikuwa naomba mikono. Huyu hajaniletea kitu. Huyu nilimtaka yeye."